Mbona kila taa ina miviringo kama kitunguu?

SWALI: Assalaam aleykum, Bwana Mhariri. Mimi hupiga picha za harusi huku Kisauni. Mwezi uliopita nilinunua lenzi ya mtumba iliyoandikwa kwamba ni asferiki, nikawapiga picha maharusi usiku pale Mama Ngina, taa za Likoni zikiwa nyuma yao. Nyuso zimetoka safi, lakini kila taa imekuwa duara lenye miviringo ndani, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Je, nimeuziwa kioo kibovu? Na hiyo asferiki ni kitu gani hasa?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, lenzi hiyo si mbovu; miviringo uliyoiona ni alama ya namna kioo chake kilivyotengenezwa.

Asubuhi jua likiwa bado chini, weka kikombe cha kahawa nyeusi mahali linapopiga ubavuni, kisha utazame juu ya kahawa. Utaona mstari wa mwanga uliopinda, kama hilali mbili zilizogusana ncha. Ukuta wa kikombe ni wa mviringo, na umbo hilo halina uwezo wa kuikutanisha miale yote mahali pamoja. Lenzi ya kawaida, ambayo uso wake ni kipande cha tufe, ina dosari iyo hiyo: miale inayopita ukingoni hupindwa kupita kiasi na kukutana mapema kuliko ile ya katikati, picha ikawa na ukungu, hasa tundu la lenzi linapofunguliwa sana kama ufanyavyo usiku. Asferiki ni lenzi ambayo mpindo wa uso wake hubadilika kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, ili miale ya pembeni nayo ifike inapotakiwa.

Umbo linalofaa lilijulikana zamani sana. Mwanahisabati Ibn Sahl aliandika habari zake huko Baghdad mnamo mwaka 984, na mwanafalsafa Mfaransa René Descartes akalieleza tena mwaka 1637, lakini mafundi walishindwa kulichonga. Ukisugua vioo viwili kwa mchanga laini, huku na huku na kwa kuvizungusha, vyenyewe huishia kuwa vipande vya tufe, kwa kuwa hilo ndilo umbo linalobaki likishikana kila upande. Kwa hiyo tufe lilipatikana kwa urahisi, na asferiki ilidai mkono wa fundi hodari na siku nyingi. Hata kampuni ya kamera ya Leica ilipotoa lenzi yake ya Noctilux ya milimita 50 mwaka 1966, nyuso zake mbili za asferiki zilisagwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa ya kutisha.

Siku hizi lenzi nyingi za aina hii hukandamizwa katika kalibu kioo kikiwa moto, na zile ndogo za simu humiminwa kwa plastiki. Kalibu yenyewe hukerezwa kwa ncha ya almasi, nayo ncha huacha mifereji myembamba mno inayozunguka kama ya sahani ya santuri, ambayo huhamia kwenye kioo. Taa iliyo nje ya fokasi, yaani ambayo lenzi haikuilenga sawasawa, huchora duara ambalo, kwa kweli, ni kivuli cha lenzi yako, na ndiyo maana mifereji hiyo inaonekana humo na haionekani usoni mwa bibi harusi.

Haiondoki kwa kusafisha, wala usimpe fundi aisugue. Fumba tundu kidogo, au warudishe maharusi nyuma hatua kadhaa. Maduara yatapungua ukubwa na miviringo haitasumbua jicho. Ukiona rangi ya zambarau kwenye kingo za taa, hiyo ni dosari nyingine ya rangi, ambayo umbo la asferiki haliiondoi.

Kwa mji wetu huu wenye unyevu nakusihi ufanye jambo moja zaidi: piga picha ya balbu moja ikiwa nje ya fokasi, uikuze, ulichunguze duara lake. Miviringo yenye kitovu kimoja isikutie hofu. Ukikuta nyuzi zilizotawanyika kama mizizi, huo ni ukungu umeota ndani ya lenzi, na hapo una haki ya kumrudia aliyekuuzia.