Mjamzito mwenye viungo vilegevu na maumivu ya mgongo: aswali vipi, na atibiwe na nani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi niko Kondoa, mimba yangu ya pili imeingia mwezi wa saba. Tangu utotoni viungo vyangu ni vilegevu: vidole vinapinda mpaka nyuma, magoti na viwiko vinapitiliza, na bega liliwahi kuteguka nikianua nguo tu. Sasa mgongo wa chini na nyonga vinaniuma sana, hasa ninapoinuka kutoka sijida. Nimeanza kuswali juu ya kiti. Mama mkwe anasema mimba si ugonjwa, yeye alipalilia alizeti na kuswali kwa kusimama hadi siku ya kujifungua, na anayeswali kwa kukaa hupata nusu ya thawabu. Kliniki wameniandikia barua niende Dodoma mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini tumesikia ni mwanaume, mume wangu anasita. Na je, ninapolalamika kwa maumivu ninapoteza ujira wangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Allah akupe afya wewe na hicho ulichokibeba.

Swala yako ya kwenye kiti ni sahihi, na thawabu zako hazikukatwa. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akamjibu: swali umesimama, usipoweza basi umekaa, usipoweza basi kwa ubavu. Ameipokea Bukhari. Hiyo nusu ya thawabu anayoitaja mama mkwe nayo ni hadithi sahihi, tena imepokewa na Imran huyuhuyu, kwa hiyo mama hakutunga kitu. Ila wanachuoni wameifafanua kuwa inamhusu anayeweza kusimama bila taabu akachagua kukaa katika swala ya sunna. Mwenye udhuru hayumo humo. Abu Musa (r.a.) amepokea kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko kwake. Kama ulikuwa ukiswali kwa kusimama kabla nyonga hazijakuzuia, basi huko kusimama bado unaandikiwa.

Na "usipoweza" haina maana mpaka udondoke. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu hapa Tanzania tunayafuata, kipimo ni taabu kali, au kuhofia maradhi kuzidi, au maumivu yanayokuondolea unyenyekevu ukawa unaisoma Alhamdu huku akili yote iko kiunoni. Anayejua hali hiyo ni wewe na daktari wako. Hajui jirani, hajui mama mkwe, wala mimi sijui.

Kuna kisa ninachotaka ukisome pamoja na mumeo. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zainab, akichoka kuswali huishika. Akasema hapana, ifungueni. Mmoja wenu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Wameipokea Bukhari na Muslim. Ilikuwa swala ya sunna, na haina maana kwamba kushika ukuta ni haramu. Wewe shika ukuta, shika kiti, shika bega la mtoto unapoinuka. Lakini tazama alivyoiona ile kamba. Mwanamke mchamungu ameutesa mwili wake kwa ajili ya ibada, na Mtume hakumsifu kwa hilo. Aliamrisha kamba ifunguliwe. Ninyi kina mama wa siku hizi mnafungiwa kamba nyingi na watu wasioshika hata ncha yake, na hili linaniumiza kila ninapoletewa maswali kama lako.

Sasa namna ya kuswali. Kama unaweza kusimama kwa muda mfupi, simama kwenye takbira na Alhamdu, kwa sababu nguzo unayoiweza haianguki kwa sababu ya nguzo usiyoiweza. Sura baada ya Alhamdu ni sunna, kwa hiyo soma fupi, au iache kabisa siku ambayo maumivu ni makali. Kwenye rukuu inama kiasi unachoweza. Ikiwa kushuka chini na kuinuka ndiko kunakokuvunja, kaa kwenye kiti, sijidu kwa kuinama, na sijida iwe chini zaidi ya rukuu. Huhitaji kuinua kitu ukigusishe na paji la uso. Kile kikao cha tahiyatu ya mwisho, cha kukalia tako la kushoto na kutoa mguu upande wa kulia, kinapindisha nyonga, na kwa mwili kama wako kinaweza kuwa ndicho chanzo cha kukwama. Ni sunna tu. Kaa utakavyopata nafuu, hata kwa kunyoosha miguu mbele. Na kwenye udhu usijikunje kuifuata miguu. Kalia kigoda, mumeo akumiminie maji. Mughira bin Shu'ba alimmiminia Mtume (s.a.w.) maji ya udhu, na hakuna aliyeona ni aibu.

Nije kwenye neno la mimba si ugonjwa. Mama yetu tumheshimu, na alivyojifungua yeye ni neema ya Allah kwake. Lakini Qur'an yenyewe inasema katika Suratu Luqman kwamba mama humbeba mtoto kwa udhaifu juu ya udhaifu, na katika Al-Ahqaf kwamba humbeba kwa taabu na kumzaa kwa taabu. Na Bibi Maryam, mbora wa wanawake, uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende mpaka akasema laiti ningekufa kabla ya haya. Allah hakumkemea. Alimpa maji chini yake na tende mbivu.

Isitoshe, mwili wako si mwili wake. Madaktari wanaeleza kwamba mimba huleta homoni, mojawapo huitwa relaksini, na homoni hizo hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Kwa mtu ambaye kano zake zilikuwa legevu tangu kuzaliwa, hali hii huja juu ya ulegevu wa awali, na misuli hulazimika kufanya kazi ya kano. Ndiyo maana mgongo unachoka, na nyonga na kinena vinauma ukigeuka kitandani au ukisimama mguu mmoja. Mara nyingi ni jambo la kurithi, huenda mama yako mzazi au dada zako wanalo. Si uvivu, wala si sababu ya kutafuta jini.

Kwa hiyo ndoo za maji kichwani, jembe na kutwanga viwekwe kando kwanza. Hapa namsemesha mumeo: ndugu yangu, Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ikifika swala hutoka kwenda kuswali. Palizi ya alizeti ina watu wa kuajiriwa au kusaidiana; mke mwenye nyonga zilizoachia hana mbadala. Na kumwambia mama yako kwa adabu kwamba mkeo amekatazwa na kliniki kubeba mizigo ni kazi yako wewe. Usimwachie mkeo aiseme, maana akiisema yeye itaitwa jeuri.

Kujitibu ni amri. Mtume (s.a.w.) amesema: jitibuni, enyi waja wa Allah. Kuhusu mtaalamu mwanaume, utaratibu wa mafakihi ni kwamba atafutwe mwanamke kwanza, hata asiye Muislamu. Pigeni simu au ulizeni mapema katika hospitali kubwa za mjini, ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, kama kuna mtaalamu wa kike na siku zake za zamu. Asipopatikana, mwanaume anaruhusiwa, mumeo awepo ndani ya chumba, na kifunuliwe kile tu kinachohitajika. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) amesimulia kuwa walikuwa wakitoka na Mtume vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Haja ilikuwepo, na dini haikuifunga. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi ya mtaalamu huyu ni kukufundisha mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio, ukiwa umevaa nguo zako, na pengine kukupimia mkanda wa kushikilia nyonga. Kwa hiyo wivu wa mumeo ni mwema, lakini usiifanye barua ya kliniki ikae kabatini mpaka ujifungue.

Ninachokutahadharisha zaidi ni kwenda kuchuliwa na kuvutwa viungo. Kukandwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Lakini anayekuvuta mguu na kukupindisha kiuno ili "kirudi" anaweza kukitegua kiungo ambacho tayari hakina kizuizi, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wewe hata kujinyoosha kupita kiasi hakukufai, ingawa unaweza na kunakupa raha ya muda. Lala kwa ubavu ukiweka mto katikati ya magoti. Ukigeuka au ukishuka kitandani, magoti yaende pamoja. Vaa sketi na viatu ukiwa umekaa. Wala usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa sababu jirani zilimsaidia. Hasa mimba ikipita wiki 20, dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Ulizia kliniki dawa inayokufaa.

Kuhusu saumu, Mtume (s.a.w.) amesema Allah amemwondolea mjamzito na mnyonyeshaji ulazima wa kufunga. Ukijihofia nafsi yako, fungua na utalipa baadaye. Ukimhofia mtoto peke yake, kwa Shafi utalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Na kulalamika? Bibi Aisha alisema mbele ya Mtume, "Ole kichwa changu!" Naye Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akiumwa, akajibu, "Bali mimi, ole kichwa changu!" Nabii Ayyub alimwambia Mola wake kwamba dhara imemgusa, na Allah akamwita mwenye subira. Kusema panauma si kukosa subira. Kinachokatazwa ni kumlaumu Allah kwa alichokadiria, na hilo silioni katika maneno yako. Hata mwiba unaomchoma Muislamu, Allah humfutia dhambi kwa huo.

Ila yapo maumivu ambayo kuyanyamazia ni hatari. Ukiona damu, maji yakivuja, homa, mkojo unaochoma, mgongo unaouma kwa kuja na kuondoka kama uchungu kabla ya wakati, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mtoto kupunguza kucheza, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Mwisho, mweleze mkunga mapema kuwa viungo vyako ni vilegevu na bega liliwahi kuteguka, ili wakati wa kujifungua asikupanue miguu kupita kiasi na akuchagulie mkao mwema, kama wa ubavu. Mwambie pia kwamba kwa baadhi ya wenye hali hii uchungu huenda kwa kasi, na sindano ya ganzi ya kushonea huweza isishike vizuri. Kwa kuwa unaweza kujifungua haraka, usafiri wa kukufikisha hospitali uwe umeshaandaliwa kabla ya mwezi wa tisa.

Wallahu aalam.