Ufunguo wa shule uko kwa nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu maafa

Masika inakaribia, na maswali ya maafa yamejaa. Nimechagua yale yanayowahusu wengi hapa Tanga.

Nyumba ikishika moto nimpigie nani kwanza, polisi au mwenyekiti wa mtaa? (Makorora)

114, Zimamoto na Uokoaji. Nimeshaiandika hapa mara nyingi, na bado swali linarudi. Ukipiga, usiseme "Ngamiani" ukakata simu. Barabara za Ngamiani zina namba, itaje, pamoja na msikiti au duka la karibu. Na mnaopanga meza za biashara hadi katikati ya barabara, gari la zimamoto litapita wapi?

Mafuriko yaliyopita jirani zetu walipata unga mara mbili, sisi hatukupata hata mara moja. Tumlaumu nani? (Duga)

Uliza kwanza orodha zilikuwa ngapi. Msikiti huwa na yake, kanisa lina yake, wa Msalaba Mwekundu wana yao, na ofisi ya kata yake. Kila mmoja ana nia njema, ila hawajakaa meza moja. Nimeyaona madaftari hayo: "Mama Asha", bila namba ya nyumba, na Mama Asha wapo watatu mtaani. Nyumba ya vyumba sita imeandikwa jina la mwenye nyumba peke yake. Wapangaji watano, ambao ndio magodoro yao yamelowa, hawamo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi ngazi ya chini kabisa. Kinachokosekana ni watu kukutana kabla maji hayajaingia ndani. Daftari liwe moja, likae ofisi ya mtaa, lihakikiwe kabla ya masika: wapangaji, wazee, wajawazito, wenye ulemavu. Anayeleta msaada, awe mbunge, kampuni au taasisi ya dini, apitie hapo. Wanaoshusha magunia barabarani ili wapigwe picha kisha wakaondoka wanatuachia ugomvi mtaani.

Tahadhari za vimbunga za nini? Kimbunga hakifiki huku. (Mvuvi, Sahare)

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo. Aprili 1952 kikaipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia karibu na Mafia. Usiibeze bahari, ndugu yangu. Rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa si pambo: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ikitoka chungwa, ngalawa ibaki pwani.

Nawageukia viongozi: wavuvi waingizwe kwenye kamati. MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo vyao kuokoa watu. Mtu wa namna hiyo hastahili kupata taarifa za kikao kwa kuzisikia sokoni.

Mafuta yakimwagika baharini Chongoleani, ni kazi ya nani? (Chongoleani)

Kwa uchafuzi wa bahari, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndiyo mratibu, ikishirikiana na bandari, NEMC (baraza la mazingira) na wenye bomba la mafuta. Lakini bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwenu, na atakayeona mafuta mwanzo ni mvuvi au mama wa mwani. Dai mazoezi ya dharura yanayowashirikisha, na namba ya kupiga usiku. Na lori la mafuta likipinduka popote, usilifuate na dumu. Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa hivyo.

Nina mafurushi ya mitumba, nipeleke wapi? (Raskazone)

Mpigie mtendaji wa kata kwanza. Mara nyingi kinachotakiwa ni sufuria, vyandarua, dawa ya kutibu maji na taulo za kike.

Kamati ya mtaa wetu haijawahi kukaa. Tufanyeje? (Mikanjuni)

Peleka ajenda kwa mwenyekiti kwa maandishi, uisimamie mkutanoni. Usikubali kuambiwa "tutaangalia". Mwulize daftari liko kwa nani, nani atapita na kipaza sauti usiku, na watu watahamia jengo gani. Wakisema shule, uliza ufunguo anao nani, na mlinzi akisafiri, wa pili uko wapi.