Maswali na Majibu: Mafua, Nimonia na Panya wa Griffith

*Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu ana mafua na kikohozi, leo siku ya pili. Nimpe amoksilini ya maji au ya vidonge? – Mama, Mbagala*

Usimpe yoyote. Swali hili linarudi kila msimu wa mvua na jibu ni lile lile: mafua huletwa na virusi, na amoksilini ni dawa ya bakteria, haigusi virusi. Badala yake mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 40, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, kimbilia kituo cha afya hata kama ni usiku wa manane. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, hesabu ni 50. Hukuuliza hayo, lakini ndiyo ya kuuliza.

*Dawa ya maji ikibaki chupani naweza kumwekea mdogo wake? – Dodoma*

Hapana. Ikishachanganywa na maji haivuki wiki mbili, na kwa nini ilibaki?

*Mtoto alimaliza chanjo zote na bado kalazwa kwa nimonia. Chanjo ina faida gani? – Baba, Tanga*

Bakteria anayeongoza kwa nimonia kali, nimokokasi, ana aina zaidi ya 100, kila moja na ganda lake la sukari. Chanjo zetu zililenga aina 10 au 13, zile zenye madhara makubwa. Tena nimonia nyingine ni za virusi au bakteria tofauti kabisa.

Chanjo haipimwi kwa mtoto mmoja. Kilifi, watafiti walikuwa wakiotesha damu za watoto waliolazwa, yaani kuiweka maabara waone bakteria gani wanakua, tangu miaka mingi kabla Kenya haijaanza chanjo hiyo mwaka 2011. Baada ya hapo, maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Hata vichanga wasiofikia umri wa kuchanjwa walisalimika, maana waliowazunguka hawakuwa na bakteria hao puani kama zamani. Tunayajua haya kwa sababu pale kuna maabara inayootesha damu. Hospitali ngapi zetu zinaotesha?

*Kwa nini vitabu vya baiolojia vinamng'ang'ania Griffith na panya wake? – Kidato cha sita*

Kwa sababu vitabu vinakimbilia DNA, kemikali inayobeba urithi, na kumwacha mgonjwa. Frederick Griffith alikuwa mtu wa Wizara ya Afya ya Uingereza, akichunguza makohozi ya wagonjwa wa nimonia. Kilichomsumbua ni kukuta aina kadhaa za nimokokasi kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 1928 akachapisha jaribio lake. Nimokokasi hai wasio na ganda hawakuua panya. Wenye ganda, waliouawa kwa joto, nao hawakuua. Akawachoma panya mchanganyiko wa hao wawili: panya wakafa, na ndani yao akakuta nimokokasi hai wenye ganda. Hai walikuwa wameokota kitu kwa wafu.

Kitu hicho wanasayansi Avery, MacLeod na McCarty walikitambua New York mwaka 1944 kuwa ni DNA. Griffith hakuyasikia, bomu lilimuua London mwaka 1941.

Linakuhusu hivi: uokotaji huo unaendelea kooni mwako sasa. Nimokokasi huchukua vipande vya jeni kwa ndugu zake wanaoishi kinywani, na kwa njia hiyo amejifunza kuishinda penisilini. Mwaka 1977 Afrika Kusini ilikuta nimokokasi sugu kwa dawa nyingi kwa mpigo. Kila dozi unayokunywa bila sababu huwaua wanyonge na kuwaachia uwanja sugu.

*Nimepimwa kooni, wakasema nina bakteria wa nimonia. Siumwi kitu. Ninywe dawa? – Mwanza*

Usinywe. Watu wengi wazima wa afya hubeba nimokokasi, watoto ndio zaidi. Aliyekupima bila dalili alikupotezea hela.

*Muuza dawa wa mtaani kwetu hutoa vidonge vya siku tatu kwa kikohozi chochote. Anakosea? – Arusha*

Anakosea, na wewe unayerudi kwake pia. Kikohozi kikizidi wiki mbili kapime kifua kikuu. Vidonge hivyo havikitibu. Na safari ijayo mwulize kifua chako amekisikiliza saa ngapi.