Kupitia jaribio la mtandao lililofupishwa: lazima bado liweze kufeli

Kwa anayeanza kuchangia kerneli ya Linux akiwa Tanga, kazi ya kurahisisha majaribio ya programu za mtandao za eBPF (au BPF kwa kifupi: programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli yenyewe) ni mlango mzuri. Haidai seva wala kadi za mtandao za bei kubwa: laptopu na mashine pepe vinatosha. Majaribio yenyewe yako ndani ya tools/testing/selftests/bpf, na mabadiliko mengi yana sura moja. Skripti ya shell inaondolewa, kazi yake inahamia kwenye faili la C ndani ya prog_tests ili iendeshwe na test_progs, programu moja inayoendesha majaribio ya prog_tests. Sababu ni ya msingi. Mfumo unaopima kila badiliko la BPF huendesha test_progs, hauendeshi zile skripti, kwa hiyo skripti inaweza kuharibika kimyakimya na asijue mtu.

Ukiletewa badiliko la namna hii na mwenzako ulipitie kabla halijatumwa kwa wasimamizi, usianze na idadi ya mistari iliyopungua. Anza na swali hili: je, jaribio jipya bado linaweza kufeli?

Jibu hupatikana kwa kuliharibu makusudi. Fungua programu yake ya BPF ndani ya folda ya progs, geuza XDP_DROP (tupa pakiti) iwe XDP_PASS (iache ipite), jenga upya, kisha endesha ./test_progs -t ukifuatisha jina la jaribio. Likipita, lirudishe kwa mwandishi hapo hapo. Rudia kwa kila jaribio dogo lililomo, maana unaweza kukuta la IPv4 linafeli inavyotakiwa huku la IPv6 likipita kwa sababu haligusi programu kabisa.

Majaribio ya kukataza ndiyo yanayodanganya zaidi. Tuseme programu iliyobandikwa kwenye cgroup (kundi la michakato) inazuia connect, wito wa kufungua muunganisho, na jaribio linatarajia muunganisho ushindwe. Mwandishi akisahau kuweka anwani au njia ndani ya netns (mtandao uliotengwa kwa ajili ya jaribio), muunganisho utashindwa vilevile, na jaribio litapita bila programu kufanya lolote. Mdai mambo mawili. Kwanza, muunganisho ufaulu kabla programu haijabandikwa. Pili, kosa lenyewe likaguliwe: programu ya connect4 (ya connect kwa IPv4) inayorudisha 0 humpa mpigaji EPERM (hairuhusiwi), wakati bandari isiyo na seva inayosikiliza hutoa ECONNREFUSED (umekataliwa), na soketi iliyowekewa muda wa SO_SNDTIMEO ikiishiwa na muda huo hutoa EINPROGRESS (bado inaendelea). Kukagua tu kwamba jibu ni chini ya sifuri kunayachanganya yote matatu.

Angalia pia kilichotupwa kwa kudhaniwa hakina kazi. Mfano halisi ni veth, yaani jozi ya kadi pepe za mtandao zilizounganishwa kama ncha mbili za waya. Katika majaribio ya XDP_REDIRECT (elekeza pakiti kwenye kadi nyingine), ncha ya pili ya veth huwekewa programu ndogo isiyofanya kitu ila kurudisha XDP_PASS. Ukiisoma haraka inaonekana takataka. Lakini veth haipokei pakiti zilizoelekezwa kwa XDP mpaka ncha inayopokea iwe na NAPI (njia ya kerneli ya kupokea pakiti kwa mafungu), na NAPI huwashwa na programu ya XDP au GRO (uunganishaji wa pakiti zinazoingia) iliyopo upande huo. Iondoe, na pakiti zitapotea bila ujumbe wowote wa kosa. Mwombe mwandishi airudishe na aandike juu yake sentensi moja ya kueleza kwa nini ipo.

Kila sleep 1 iliyofutwa iulizie ilikuwa inasubiri nini. Mara nyingi ni anwani ya IPv6 inayokaguliwa kama haina pacha mtandaoni, na kwa kawaida ukaguzi huo huchukua kama sekunde moja. Dawa ni kuongeza nodad (usikague pacha) kwenye ip -6 addr add. Kufuta sleep peke yake kunazaa jaribio linalopita kwenye mashine ya mwandishi na kuyumba kwingine.

Kwenye usafishaji, tafuta vigezo vya fd (namba za faili na soketi zilizofunguliwa). Vianze na -1, si 0, na vifungwe kwa sharti la >= 0. Kikianza na 0 na jaribio likakatika mapema, close itafunga ingizo la kawaida (stdin, lenye namba 0) la test_progs yenyewe. Amri za kuandaa mtandao zitumie makro ya SYS, ambayo hukagua jibu na kuruka kwenye lebo ya kusafisha. SYS_NOFAIL ibaki ya kufutia tu. Jina la netns lisiwe ns0 tupu: test_progs -j huendesha majaribio sambamba, na mawili yenye jina moja yatagongana. Kuna append_tid kwa ajili hiyo, inayoongeza namba ya uzi kwenye jina. Bandari nayo iwe 0 kwenye start_server, kerneli ichague yenyewe, isipokuwa programu ya BPF inalinganisha namba maalumu.

Skripti ikifutwa, jina lake lifutwe pia kwenye TEST_PROGS ya Makefile (orodha ya skripti, si ile programu ya test_progs). Husahaulika.

Maoni yako yaandike yatekelezeke. "Mdogo wangu, nimegeuza DROP kuwa PASS, jaribio dogo la IPv6 bado linapita, nadhani pakiti inapitia lo badala ya veth1" yanamsaidia kuliko "hakikisha tena".

Kwa wanaotumia bando la simu, iwe Ngamiani au Raskazone, nakili bpf-next (hazina ya msimbo wa BPF unaoandaliwa) kwa git clone --filter=blob:none. Historia ya faili kwa git log utaisoma bila intaneti, ila git blame na git log -p vitashusha data, kwa hiyo viendeshe ukiwa na mtandao. Usitumie --depth 1, kwa kuwa itakunyima historia, na bila historia huwezi kujua ile sleep iliwekwa kwa nini.

Tested-by (mstari wa kuthibitisha kwamba umelijaribu badiliko) itoe tu kama umeliendesha jaribio mwenyewe, likiwa zima na likiwa limeharibiwa. Kama umesoma bila kuendesha, Reviewed-by inatosha.