Anga la viraka pale Irente

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilipanda Irente, kule Lushoto, kupiga tambarare ya Mazinde jua likizama. Nilipiga picha tisa kutoka kushoto kwenda kulia, nikaziunganisha kwenye kompyuta. Milima imeshikana vizuri, ila anga limetoka viraka: hapa jeupe, pale bluu iliyokolea. Natumia lenzi ya milimita 18, na nilifunga kioo cha polaraiza ili mawingu yatokeze. Kosa ni la programu au langu? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba. Programu usiilaumu, imeunganisha ulichoipa.

Kosa hili nalijua toka enzi za filamu. Nilipiga bonde moja vipande vitano, nikapeleka kusafishwa. Mashine ya studio ikarekebisha mwanga wa kila picha kivyake, na nilipozibandika kwa gundi kwenye kadibodi, anga lilikuwa kama suruali ya fundi gereji. Siku hizi mashine ile iko ndani ya kamera yako na inaitwa otomatiki. Ikitazama jua inabana, ikigeukia miamba iliyoingia kivulini inafungulia. Ikienda sehemu ya 1/1000 ya sekunde huku na 1/60 kule, hiyo ni tofauti ya karibu mara 16. Anga gani litavumilia?

Weka kamera kwenye M, yaani mwanga uupange mwenyewe. Pima anga lililo kando ya jua, si jua lenyewe; tuseme tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 100, kasi 1/250 ya sekunde. Ukishapanga, usiguse tena mpaka kipande cha mwisho. Fokasi nayo ifungwe, na mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya jua, la sivyo kipande kimoja kitakuwa cha chungwa na jirani yake kijivu. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Polaraiza ivue. Kioo kile hukoza anga zaidi lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na wewe ulikuwa unazunguka. Lazima doa litokee. Milimita 18 nayo ni pana mno kwa kazi hii, pembe zake huwa na giza, ndiyo mikunjo ile kama ya pazia. Nenda 35 au 50, simamisha kamera wima, kila picha imeze theluthi ya mwenzake. Zitakuwa nyingi kuliko tisa, sawa tu.

Kama bado kivuli ni cheusi tii, funga stendi ya miguu mitatu na upige kila kipande mara tatu: kimoja cha kawaida, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Hugin, programu ya bure ya kuunganisha picha, itazichanganya na kuziunganisha. Lakini fanya haraka! Kwetu huku jua halizami kwa mshazari mrefu kama Ulaya, linadondoka karibu wima, na mwanga wa picha ya kwanza haungoji ya mwisho. Mimi huanza upande wa jua, maana ndio unaobadilika upesi.

Na kama jiwe la miguuni pako limetoka mara mbili, ni kwa sababu ulizungusha mwili huku kamera ikiwa mkononi, mbali na kifua. Lenzi ndiyo iwe mhimili. Au liache jiwe nje ya picha, mwamba wa mbali haulalamiki.

SWALI: Je, kwa simu? – Msomaji, Muheza

JIBU: Simu nyingi hushika mwanga wa mahali unapoanzia. Ukianzia kivulini, ukifika kwenye jua anga lote linaungua. Kwa hiyo lenga kwanza anga la kati, bonyeza kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha rudi pembeni uanze. Simu nyingine hujifungua zenyewe ukishageuka. Kwa hizo, anzia palipong'aa. Na futa lenzi kwa kitambaa laini, jasho la kidole kwenye jua la jioni ni ukungu mtupu.