TV kubwa iliyonikimbizia wateja

Kibanda changu cha gemu kilianza na PS4 mbili na TV mbili za inchi 32, moja mpya, nyingine mtumba. Mechi shilingi 500, anayefungwa anapisha. Biashara ilikuwa inakwenda vizuri tu, mpaka tamaa iliponiingia. Nikaona jamaa wa mtaa wa pili kaweka TV kubwa na mimi nisipitwe. Nikavunja kibubu, nikaenda Kariakoo, nikarudi na bajaji imebeba boksi la inchi 55. 4K, yaani picha ya nukta nyingi zaidi, HDR, yaani mwanga na rangi kali zaidi, na pembeni ya boksi namba 120 imeandikwa kubwa kama namba ya nyumba.

Wiki ya kwanza watu walijaa hadi nje. Wiki ya pili nikaanza kuona jambo la ajabu: madogo wamepanga foleni kwenye ile inchi 32 ya mtumba, huku inchi 55 inawaka peke yake. Nikamuuliza mmoja, mbona hamchezi huku? Akasema, "Bro, ile pedi nzito."

Nikanunua pedi mpya. Bado nzito. Nikahamisha pedi ya TV ndogo nikaileta kubwa, na ya kubwa nikaipeleka ndogo. Pedi ile ile iliyokuwa "nzito" ikawa nyepesi ghafla, na ile nyepesi ikawa nzito. Nikabadilisha na mashine zenyewe, PS4 ya huku kule, ya kule huku. Uzito ukabaki pale pale kwenye inchi 55. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nikiitibu pedi wakati anayeumwa ni TV.

Ninaandika haya kwa sababu kila wiki napokea swali la aina ile ile: "Kaka, nataka TV ya gemu, ninunue inchi ngapi?" Inchi ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: ukibonyeza, inachukua muda gani mpaka uone?

TV ya siku hizi haikuoneshi picha pale pale inapoipokea. Inaipokea, inaiweka, inaitazama, inaikuza ienee kwenye kioo, inaongeza rangi, inafuta chengachenga, inalainisha mwendo, halafu ndiyo inakupa. Kwa mtu anayeangalia tamthilia hakuna shida yoyote, maana picha ikichelewa na sauti nayo inacheleweshwa, na yeye hana anachobonyeza. Mchezaji ana pedi mkononi. TV nyingi, zikiachwa kwenye setingi za dukani, huchelewa karibu milisekunde 100, na nyingine zaidi ya hapo. Ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana ndogo ukiisoma, lakini gemu la mpira linakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni milisekunde 16 na ushee. Milisekunde 100 ni fremu sita. Unaona beki anakuja, unabonyeza pasi, kumbe beki alishafika fremu sita zilizopita. Unachokiona kwenye kioo ni habari ya jana.

Waliocheza PS2 kwenye TV ya chogo wanaujua utamu wa kinyume chake. Chogo haikuwa na akili ya kuhifadhi picha. Mstari ulipofika kutoka kwenye waya, ulichorwa hapo hapo, kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana ukichukua PS2 ile ile ukaichomeka kwenye flati kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, utaapa mashine imezeeka. Haijazeeka. Flati inahangaika kuunganisha mistari ya picha ya zamani na kuikuza, na hiyo kazi inakula muda.

Sasa utapimaje bila mashine ya maabara? Mimi nilitumia simu. Simu nyingi za sasa zinarekodi mwendo wa taratibu wa fremu 240 kwa sekunde, yaani kila fremu ya video ni kama milisekunde 4. Nikashika pedi mbele ya kioo, kidole gumba na menyu ya PS4 vyote vionekane kwenye video, nikabonyeza mshale wa kulia mara kumi. Kisha nikakaa chini na kalamu, nasogeza video fremu moja moja, nahesabu kuanzia kitufe kilipozama mpaka alama kwenye menyu iliposogea. Inchi 55: fremu 33 kwa wastani. Inchi 32 ya mtumba: fremu 16. Sehemu ya muda huo ni ya pedi na mashine yenyewe, hiyo huiepuki, lakini tofauti kati ya TV na TV ni ya TV. Fremu 17, kama milisekunde 70. Madogo hawakuwa na simu wala kalamu na walishaipima kwa vidole.

Dawa ilikuwa ndani ya rimoti muda wote. Kwenye menyu ya picha kuna chaguo limeandikwa Game, au Game Mode. Ukiliwasha, TV inaacha sehemu kubwa ya ule urembo na kupitisha picha moja kwa moja. Nikaliwasha, nikarudia video: fremu 15. Inchi 55 ikawa nyepesi kuliko ile ndogo. Sikununua kitu chochote. Nilitamani nijipige kibao nikikumbuka bei ya zile pedi.

Kuna mitego midogo hapa. Kwenye TV nyingi setingi hiyo inashika tundu moja la HDMI tu, ulilokuwa umelifungua wakati unaiweka. Ukihamisha waya kwenda tundu la pili, umerudi kwenye uzito. Mtego mwingine ni macho: Game Mode ikiwaka, picha hupoa kidogo, rangi haziwaki kama za dukani, na mtu wa kwanza kuingia atakwambia TV imeharibika. Usirudi nyuma. Ongeza mwanga na rangi kidogo ndani ya hali hiyo hiyo. Na kama TV yako ni ya zamani haina chaguo hilo, ingia uzime kimoja kimoja: kulainisha mwendo, kupunguza chengachenga, mwanga unaojibadilisha wenyewe. Kulainisha mwendo ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ili TV itunge fremu ya katikati lazima ingoje fremu inayofuata ifike kwanza. Huwezi kuchora katikati ya vitu viwili kabla hujakiona cha pili.

Turudi kwenye ile namba 120 ya boksi langu. Nilipoisoma vizuri, kwa herufi ndogo pembeni yake kulikuwa na maneno Motion Rate. Hiyo ni hesabu ya kibiashara ya namna TV inavyolainisha mwendo. Kioo chenyewe kilikuwa cha 60Hz, hezi sitini kama tunavyotamka, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde basi. Sikudanganywa kwa maana ya kisheria, niliandikiwa na sikusoma. Ukitaka ukweli, chukua namba ya modeli nyuma ya TV, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uangalie panapotajwa hezi za kioo chenyewe. Au chomeka mashine na ufungue ukurasa wa taarifa za picha kwenye setingi. PS4 na PS5 zote zinao, na hapo utaona ni nini hasa kinachotoka kwenda kwenye TV.

Lakini je, ulikuwa unaihitaji 120? Hapa nawaudhi wauzaji. PS4 haivuki 60. Gemu la mpira, ambalo ndilo linalolisha vibanda vingi, linakwenda 60 hata kwenye PS5 ya kawaida. Kwa hiyo kulipia kioo cha 120Hz ili uchezeshe mpira ni kununua gari la magurudumu sita kwenda sokoni. Anayeihitaji ni mwenye PS5 au Xbox Series X anayecheza gemu za kupigana risasi, kama Fortnite, zenye hali ya fremu 120. Huyo kila fremu yake ni milisekunde 8, na tofauti ataiona anapogeuza shingo ya mchezaji haraka. Naye akague matundu. HDMI ya toleo la 2.0 inaishia gigabiti 18 kwa sekunde, inayotosha 4K kwa fremu 60. Toleo la 2.1 linafika mpaka 48, na ndilo linalopitisha 4K kwa fremu 120. Zipo TV zenye matundu manne ambayo mawili tu ndiyo ya 2.1, na moja kati ya hayo ndilo hilo hilo unalotakiwa kuchomekea spika. Waya pia: tumia uliokuja na PS5 ndani ya boksi, usiweke ule wa king'amuzi.

Kwenye TV za namna hiyo utaona pia herufi VRR. Maana yake kioo kinaisubiri mashine badala ya kukimbia kwa hesabu yake, hivyo gemu likizidiwa na kushuka fremu, picha haikatiki katikati. PS5 ilipata uwezo huo mwaka 2022. Ni kitu kizuri. Kwa kibanda cha mpira si lazima.

Kuhusu 4K sina mengi. PS4 ya kawaida na Slim zinatoa gemu kwa 1080p, yaani nukta (pikseli) 1920 kwa 1080, basi TV ya 4K inaikuza tu. Kinachowaponza watu ni upande wa pili: inchi 32 nyingi za bei nafuu ni pikseli 1366 kwa 768, hata kama kwenye boksi wameandika HD kwa mbwembwe. Picha ya PS4 inabanwa pale, na maandishi madogo, kama majina ya wachezaji kwenye rada, yanakuwa ukungu. Ukiweza, ongeza kidogo upate 1080p kamili.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni pembe ya kutazamia. Kwenye gemu watu wanakaa wawili, na nyuma yao kuna watano wanasubiri zamu. Kioo cha aina ya VA kina weusi mzuri sana ukikaa katikati, lakini anayekaa pembeni anaona rangi zimepauka. Pia vingi vyake ni vizito kwenye sehemu za giza: kitu cheusi kikikimbia kinaacha mkia nyuma yake. Kioo cha aina ya IPS weusi wake ni wa kijivukijivu, ila aliye kwenye kona ya benchi anaona sawa na mwenzake. Kwa kibanda nachagua IPS bila kufikiri mara mbili. Kwa chumbani kwako, peke yako, taa imezimwa, chukua VA.

OLED, kioo ambacho kila pikseli inawaka yenyewe, ni tamu kuliko zote, pikseli zake zinabadilika mara moja na weusi ni weusi kweli. Usiiweke kibandani. Ubao wa matokeo ukikaa kona ile ile saa kumi na mbili kwa siku, mwaka mzima, unaweza kubaki umechapwa kwenye kioo hata ukiwasha taarifa ya habari.

HDR nilizima. TV yangu inapokea HDR lakini haina mwanga wa kuionesha, matokeo yake uwanja unakuwa wa giza kama umeme umepungua. Kwenye PS4 inazimwa kwenye setingi za picha. Na kama dakika za mechi zimekatwa juu ya kioo, mashine haina tatizo, TV ndiyo imekuza picha kupita kingo zake. Tafuta chaguo la ukubwa wa picha, mara nyingi limeandikwa Just Scan au Screen Fit.

Ah, na sabufa. Ukiiunganisha kwa Bluetooth, sauti ya shuti itakuja wakati kipa ameshadaka. Tumia waya.

Siku hizi nikienda kununua TV nabeba PS4 kwenye begi, pedi mbili, na simu yenye chaji. Nikifika naomba rimoti, nawasha Game Mode, nabonyeza menyu mara kumi huku narekodi, nahesabu fremu hapo hapo kaunta. Mara ya mwisho muuzaji alinitazama weee, mwisho akauliza kama nimekuja kununua au kucheza. Nikampa pedi ya pili. Alinifunga mbili bila, na TV nikaichukua.