Askari wangu wazoefu wanakufa: nirudishe sevu au nikubali?

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Gungu, Kigoma. Rafiki yangu alinipa kwenye flashi gemu ya vita ya kupokezana zamu inaitwa Battle for Wesnoth, nikaiweka kwenye laptop ya zamani ya kaka, na sasa hata gemu za mpira nimeziacha. Shida ni kwamba hapa askari akifa amekufa mazima, pambano linalofuata humwoni tena. Nilikuwa na mpiga mishale wa Kielfi, nimetoka naye mbali. Juzi maorki watatu wakamzunguka usiku, akafa zamu hiyo hiyo. Mimi nikipiga nakosa, kompyuta haikosi. Nikarudisha sevu mara tisa mpaka akapona. Nisiporudisha, nafika pambano la tano au la sita nikiwa na vijana wapya watupu, napigwa. Je, gemu inaiba? Kurudisha sevu ni kudanganya, au ndivyo watu wanavyojifunza? Na nikishaiweza hii, niende ipi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo kesi ya wizi, maana ndiyo inayofanya wengi waifute gemu wiki ya kwanza.

Wesnoth haiibi. Ikiandika asilimia 60 ni 60, kwako na kwa kompyuta sawasawa. Shida iko masikioni mwetu: tukiambiwa 60 tunasikia "atapata tu". Askari mwenye mapigo matatu ya asilimia 40 atakosa yote matatu karibu mara moja katika kila majaribio matano. Hiyo si mikosi, ndiyo hesabu yenyewe. Ziko gemu zinazombembeleza mchezaji. Fire Emblem, iliyotoka Japani mwaka 1990 na ni mojawapo ya gemu za mwanzo kuchanganya vita vya zamu na askari wasiofufuka, katika matoleo yake mengi tangu 2002 inachukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake. Kwa hiyo 90 unayoisoma kwenye skrini, kwa vitendo ni 98. Mtu aliyelelewa huko akija Wesnoth akakosa pigo la 70 mara mbili mfululizo, anaapa ameibiwa.

Sasa tumrudie marehemu wako, kwa kalamu na karatasi.

Mpiga mishale wa Kielfi wa kiwango cha kwanza ana uhai 29. Orki wa kawaida wa upanga, yule anayeandikwa Grunt, anapiga 9 mara mbili. Usiku maorki wanaongezewa asilimia 25, kwa hiyo 9 inakuwa 11. Watatu wakimfikia ni mapigo sita ya 11, na akipatwa na matatu tu amekwisha, maana tatu mara kumi na moja ni 33. Naamini ulimwacha kwenye majani, ambako kinga yake ni 40, yaani wao wanampata kwa asilimia 60. Piga hesabu ya mapigo sita ya namna hiyo: uwezekano wa kufa ni asilimia 82. Hukuonewa. Ulimweka mtu kwenye shimo, na kurudisha sevu mara tisa kulikuwa kuwinda ile 18 iliyobaki.

Chukua mtu yule yule, usiku ule ule, umsogeze chumba kimoja nyuma (chumba ni kile kipande cha pembe sita cha ramani) aingie msituni. Waelfi msituni wana kinga ya 60 hadi 70. Tumia hiyo 60 ya chini. Kisha weka mwenzake ubavuni ili maorki wawili tu waweze kumgusa. Sasa ni mapigo manne, kila moja asilimia 40, na bado yanatakiwa matatu yampate. Uwezekano wa kufa unashuka hadi asilimia 18. Umegeuza 82 kuwa 18 bila kuomba bahati yoyote.

Na kuna la tatu, ambalo mimi ndilo lililonifanya niipende gemu hii. Mchana maorki wanapunguziwa asilimia 25, 9 inashuka kuwa 7. Wale wale wawili, mapigo manne, wote wapige bila kukosa hata moja: saba mara nne ni 28. Mpiga mishale wako anabaki na uhai 1, na yuko hai. Hapo hata bahati haina kazi. (Orki akiwa na sifa ya nguvu anaongeza moja kwenye pigo na hesabu hii inavunjika, kwa hiyo mwangalie adui kwanza, usikariri.)

Kwa hiyo jibu langu la msingi ni hili: askari hafi pale kete ya bahati inapoanguka. Anakufa zamu moja au mbili kabla, wewe ulipoinua mkono ukamwacha aliposimama.

Mimi somo hili sikulipata kwenye kompyuta. Hapa Tabora, chini ya miembe, kuna vijiwe vya drafti ambavyo nimekaa tangu nikiwa mwanafunzi, na sheria ni ukigusa umecheza. Kijana mgeni anaangalia kete yake inakwenda wapi. Mzee aliyekaa mbele yake anaangalia kete hiyo ikishafika, nani anaila. Ni swali lile lile, ila mmoja analiuliza kabla na mwingine anaulizwa na visoda vyake vilivyoliwa. Wesnoth inakupa kitu ambacho mzee wa kijiweni hana: kabla hujamaliza zamu, bonyeza Ctrl na V pamoja. Ramani itakuonyesha kila chumba ambacho maadui wanaweza kufika zamu ijayo. Kisha mpitie askari wako mmoja mmoja, hasa yule unayempenda. Kila mmoja ana vyumba sita vinavyomzunguka. Hesabu ni vingapi viko wazi na vinafikika, kisha zidisha na mapigo kama tulivyofanya hapo juu. Mwanzoni itakuchukua dakika kumi kwa zamu na utachukia. Baada ya wiki mbili jicho linafanya lenyewe.

Ukiona vyumba vitatu viko wazi, usikimbilie kuweka mtu kila chumba. Askari wa kiwango cha kwanza na kuendelea anamsimamisha adui anayeingia chumba kilicho jirani naye, hapo hapo, hata kama adui bado ana mwendo. Ndiyo maana askari wawili wenye vyumba viwili vitupu katikati yao bado ni ukuta: orki hapiti hapo kwa zamu moja. Wale wa kiwango cha sifuri hawana uwezo huo, na wageni wengi wanajenga ukuta kwa wakulima kisha wanashangaa adui yuko nyuma yao anachoma kisogo.

Saa nayo uifuate kama mvuvi wa Kibirizi huko kwenu Kigoma anavyofuata mbalamwezi. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, mbili za mchana, jioni, mbili za usiku. Alfajiri na jioni hazimpi mtu kitu. Unapocheza na Waelfi, wao usiku na mchana ni sawa, ila maorki sivyo. Jioni ikiingia, rudi nyuma. Waache wakufuate usiku mzima, watoke kwenye milima na vijiji vyao, na alfajiri iwakute kwenye majani ambako kinga yao ni ndogo, wewe ukiwa msituni. Wageni wanasonga mbele zamu zote sita kwa sababu wanaogopa idadi ya zamu kuisha. Soma masharti ya pambano kwanza. Pambano la kwanza kabisa la kampeni ya Heir to the Throne, ile unayomwongoza kijana Konrad na jeshi lake, linataka umfikishe Konrad kwenye kibao cha njia tu, halitaki uwamalize maorki. Watu wanabaki pale kupigana na kumwaga damu ambayo haikuombwa.

Kuhusu sevu. Sioni dhambi kurudisha, na anayekuambia ni kudanganya hajakulipia umeme. Ila wewe unarudi mahali pasipofaa. Unarudi kwenye pigo, unatupa kete upya, unaondoka na askari hai na kichwa kile kile. Wesnoth inajisevu yenyewe mwanzo wa kila zamu (hata umeme ukikatika na betri ya laptop ni ya kufa, unapoteza zamu moja tu). Kwa hiyo mkongwe akifa, rudi zamu mbili nyuma, si moja. Kabla ya kurudi andika kwenye daftari mambo matatu: nani alimuua, alitokea chumba gani, na ilikuwa saa ngapi ya mchezo. Ukishaandika, cheza zamu hizo mbili kwa mpangilio mwingine. Ukijikuta umempanga kila mtu palepale na unategemea kete tu, acha, mzike.

Nami nimezika. Nilikuwa na mganga, White Mage, amebakiza pointi kidogo apande kiwango. Orki mmoja alikuwa na uhai 4, nikamtanguliza mganga ammalizie. Mapigo matatu ya asilimia 70, uwezekano wa kukosa yote haufiki asilimia 3. Akakosa yote. Usiku ukaingia, wapanda mbwa mwitu wawili wakamla. Niliitukana laptop hadi mteja aliyekuja kuchukua simu yake akauliza kama kuna msiba. Kesho yake nikafungua sevu ya jioni ile, nikabonyeza Ctrl na V, nikaona: hata kama mganga angempata yule orki, wale wawili wangemfikia vilevile, kwenye majani, usiku. Ile asilimia 3 niliililia bure. Nilikuwa nimeshamuua nilipomtoa nyuma ya mstari.

Hilo linanileta kwenye pambano la tano na la sita, ambako unafika na vijana wapya watupu. Nina hakika ulikuwa na jitu moja au mawili yanayoua kila kitu. Kumuua adui kunalipa pointi 8 kwa kila kiwango chake, wakati kupigana naye tu kunalipa pointi moja kwa kila kiwango. Kwa hiyo pigo la mwisho ndilo lenye hela, na wewe ulikuwa unampa tajiri yule yule. Wagawie. Mkongwe amdhoofishe adui, kijana aliyebakiza pointi 7 ammalizie. Zaidi ya hapo, askari akipanda kiwango anapona kabisa papo hapo, kwa hiyo kijana aliyejeruhiwa na yuko karibu kupanda ni dawa ya bure katikati ya vita. Nataka ufike pambano la sita na watu sita au saba wa kiwango cha pili, hata kama huna jitu hata moja. Kumwita tena mkongwe kwenye pambano jipya ni dhahabu 20 awe wa kiwango chochote, kwa hiyo wa kiwango cha pili ndiye bei nafuu kuliko wote ukilinganisha na kazi yake.

Na ukubali kutoa. Kwenye drafti unalisha kete moja ule mbili, hakuna anayelia. Usiku ukikulazimu kushika kijiji mbele ya maorki, mweke pale askari mpya uliyemwajiri zamu iliyopita, si yule mwenye vita vinne mgongoni. Kijiji kitamrudishia uhai 8 kila zamu, na akifa umenunua zamu mbili kwa bei ya askari mmoja. Wasiotolewa ni Konrad na mashujaa wengine waliotajwa kwenye masharti ya pambano, kama Delfador: mmoja wao akifa pambano limekwisha, hapo rudisha sevu bila kuniuliza.

Ukishaweza kumaliza kampeni moja kwa kurudi zamu mbili mbili na si zaidi ya mara tatu kwa pambano, nenda Into the Breach ya 2018. Uwanja wake ni mdogo, vyumba nane kwa nane, na inakuonyesha wazi adui atapiga wapi kabla hujacheza, yaani ile hesabu niliyokupa ndiyo gemu nzima. XCOM ya 2012 ije baada ya hapo, na chaguo lake la Ironman, ambalo lina sevu moja tu isiyorudishwa, uliache mpaka umeimaliza kawaida. XCOM 2 usiinunue kwa ajili ya laptop ya kaka, itaipika. Kwa siku ambazo kaka anaihitaji laptop yake, weka kwenye simu Shattered Pixel Dungeon: kwenye Android ni ya bure, haitaki bando, inakwenda kwa zamu, una shujaa mmoja tu na akifa unaanza ghorofa ya kwanza. Huko utakufa sana, na daftari lako litajaa haraka.